Samaki Mnene wa Kwenye Tangi

Kwa miaka miwili nilitembea na kipande cha sabuni mfukoni, na hakikuwa cha kunawa. Tangi la pikipiki yangu lilikuwa limetoboka chini, upande wa kushoto, tundu dogo kama la sindano, na kila mwendesha pikipiki Nairobi anajua dawa yake. Unachukua sabuni ngumu ya kufulia, unaisugua pale pale petroli inapotokea mpaka ishike. Petroli haiyeyushi sabuni. Nilisugua kila asubuhi kabla ya kuwasha, kama mtu anayepiga mswaki, kisha nikaenda zangu.

Ningeweza kununua tangi lingine kitambo. Sikutaka, kwa sababu ya samaki.

Alikuwa ngege, samaki wa ziwani, amechorwa kwa mkono upande huo huo wa kushoto, kutoka karibu na usukani mpaka mahali goti langu lilipokaa. Magamba yake yalikuwa ya rangi ya fedha, moja moja, na jicho lilikufuata popote uliposimama. Kasoro yake ilikuwa tumbo. Tumbo lilikuwa kubwa kupita kiasi. Kila stendi niliyosimama, Kawangware hadi Satellite, hapakukosa mtu wa kusema neno.

"Buda, samaki yako iko na mimba."

"Hiyo ni ngege ama ni nguruwe?"

Nilizoea. Nilikuwa nikiwajibu kwamba samaki wa kwetu hula vizuri, ingawa kwetu ni upande wa Kakamega na samaki hakuwa wangu. Alikuwa wa rafiki yangu aliyemchora, mtu wa ziwani, aliyenizidi kama miaka kumi. Tuliishi naye chumba kimoja Kibera, Lindi, nilipokuwa sijafika thelathini. Alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Vile vichwa vya kunyolewa unavyoviona kwenye kuta za vinyozi, vingi vya upande ule wa Kibera vilikuwa vyake, na kama ulichunguza, vyote vilikuwa na sikio langu. Nilikuwa nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, yeye anachora sikio, na kwa kuwa mteja alitaka vichwa sita, nilitoa masikio kumi na mawili mchana mmoja.

Pikipiki tuliiunda pamoja, Jumapili kwa Jumapili. Nilikuwa nimeipata imekufa, pikipiki ya tarishi wa ofisi fulani, haina kiti wala taa. Usukani tuliutoa kwa pikipiki nyingine, mrefu na wa juu, kiti kikashonwa soko la Toi na fundi wa makochi, ekzosi ikachomelewa kutoka kwa mabaki ya mbili tofauti. Ilipowaka mara ya kwanza, jirani mmoja alitoka na mwiko mkononi akauliza ni posho mill ya nani inayosaga unga Jumapili. Haikuwa na ukoo, ile pikipiki. Lakini hakuna nyingine iliyofanana nayo jijini, na nilipopita Makina watu waliijua kabla hawajaniona.

Kisha bibi yangu, mama yake baba, akafa, nikaenda nyumbani kumzika. Nilikaa wiki mbili. Nilirudi Kibera jioni moja na vumbi la safari na kichwa kizito, nikafungua mlango, na pikipiki ilikuwa imesimama katikati ya chumba na samaki ubavuni, rangi bado inanukia. Rafiki yangu alikuwa ameketi kitandani, mguu mmoja ameunyoosha juu ya mtungi. Alisema alikanyaga msumari.

"Nimekuchorea," akasema. "Pole kwa bibi."

Nililia. Sikuwa nimelia makaburini, lakini mbele ya yule samaki nililia mpaka nikaona haya. Nilipopata sauti nikamwambia, "Siku utakayotoka Nairobi kurudi kwenu, mimi ndiye nitakupeleka mpaka kwenye basi. Na samaki wako."

Hiyo ni miaka kumi na mitano iliyopita. Tangu hapo nimehama vyumba mara tisa. Mimi ni mtu nisiyetulia, nilizaliwa hivyo. Niliwahi kumwambia rafiki yangu ninaenda Malaba siku mbili, nikarudi baada ya miezi minane. Alipokuwa na harambee ya binti yake nilisema nitakuja, nikawa Nakuru. Alipougua nilisema nitapita, nikapita kweli, nje, kwenye barabara kubwa, nikiwa na mzigo wa mteja. Hakuwahi kunilaumu. Alikuwa akisema tu, "Wewe ni upepo, omera," yaani ndugu kwa lugha ya kwao, na kunisogezea kiti.

Jumanne moja mwaka huu alinipigia simu.

"Omera, naenda nyumbani. Jumamosi."

"Utarudi lini?"

"Sirudi. Siku hizi mtu akitaka bango anachapisha kwa mashine, linatoka na mpaka jasho la kinyozi. Nimechoka kushindana na mashine." Akakohoa kidogo. "Mpwa wangu anataka kunibeba na gari mpaka kwa basi. Nimemwambia angoje kwanza. Kuna mtu aliniahidi."

Nilikuwa nimesahau kwamba anakumbuka.

"Nitakubeba," nikasema.

"Na samaki?"

"Na samaki."

Nilisikia redio ya jirani yake na mtoto anayelia akipigwa mswaki kwa nguvu. Kisha akauliza neno moja, polepole, bila ubaya wowote.

"Utafika?"

Neno hilo lilinikaa kifuani siku mbili. Niliamua kwamba safari hii nitafika, na nitafika kwa heshima, pikipiki inang'aa. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nikaipeleka kuoshwa.

Mwenye pikipiki yeyote anayesoma hapa ameshajua nilichofanya. Niliingia kwenye kituo cha kuosha magari karibu na Gatina, nikaomba iloweshwe vizuri, na mimi mwenyewe nikaelekeza ule mpira wa maji ya nguvu ubavuni mwa samaki ili magamba yatakate. Miaka miwili ya sabuni ikaondoka kwa dakika moja. Petroli ikaanza kudondoka, kisha ikatiririka, na nilipojaribu kusugua sabuni mpya, ukingo wa tundu ulivunjika chini ya kidole kama ganda la yai.

Niliisukuma mpaka kwa fundi. Kibanda chake kiko Gatina, kati ya kanisa la mabati na nyumba ya ghorofa isiyokwisha, na yeye ni mtu wa Magharibi kama mimi, mnene, mpiga ngoma kanisani Jumapili na mwimbaji wa pambio kazini siku zote nyingine. Hakuangalia pikipiki, aliniangalia mimi.

"Nani huosha tangi ya sabuni?"

"Nilikuwa nataka ing'ae."

"Imeng'aa," akasema. "Hata petroli inaonekana ikitoka."

Fundi huyu ana desturi yake. Hasikilizi maelezo ya mteja. Anachukua spana ndogo na kugonga tangi pole pole, sentimita kwa sentimita, sikio karibu, kama mama anayechagua tikiti maji sokoni. Aligonga upande wa kulia, likaita ti, ti, ti. Akagonga juu, ti, ti. Akaja kwa samaki. Kichwani, ti. Mkiani, ti. Tumboni likasema pu.

Aliacha kuimba. Akagonga tena. Pu, pu.

"Huyu samaki amekula nini?"

Nilimwambia azibe tundu tu, asiguse mchoro. Akasema hawezi kuchomelea bila kufika kwenye chuma safi, na tundu lilikuwa ukingoni mwa tumbo, kwa hiyo atakwangua kidogo tu, mapezi ya chini. Nikakubali. Alikwangua. Rangi ikatoka, chini yake ikatoka rangi nyingine, na chini ya hiyo hapakuwa na chuma. Palikuwa na puti, ule unga mzito wa madukani unaokorogwa na kupakwa kuziba mabonde ya magari. Aliendelea kukwangua na puti ikaendelea kutoka, vipande vipande, nene kuliko vidole viwili.

"Hii si chuma, ndugu yangu. Hii ni chapati."

Alipomaliza, tumbo la samaki lilikuwa limekwisha, na badala yake palikuwa na bonde kubwa la mviringo lililoingia ndani ya tangi, lenye mstari wima katikati. Mtu yeyote aliyewahi kuanguka na pikipiki angejua umbo lile. Ni nguzo. Kutu ilikuwa imekula sehemu hiyo yote kutoka ndani. Fundi alibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikapita.

"Tangi hii ilikufa kitambo," akasema. "Ilikuwa inasimamishwa na rangi na maombi."

Mimi sikuwa nikimsikiliza. Nilikuwa nimerudi katika kile chumba cha Lindi, jioni ile, namtazama rafiki yangu aliyenyoosha mguu juu ya mtungi. Msumari! Mtu aliyekanyaga msumari anafungwa kitambaa wayoni. Yeye alikuwa amefungwa gotini.

Niliketi juu ya tairi kuukuu. Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nimembeba yule samaki kama zawadi ya msiba wangu. Nilikuwa nimekataa kuiuza pikipiki kwa ajili yake. Niliwahi kumweleza mwanamke mmoja habari yake naye akashika mkono wangu. Na kumbe alikuwa plasta ya jeraha, rafiki yangu aliichukua pikipiki nikiwa mazikoni, akaigonga kwenye nguzo, akaziba, akapaka rangi, akaniambia pole kwa bibi.

"Wacha tu," nikamwambia fundi. "Abebwe na mpwa wake."

"Nani?"

Nikamweleza yote, mpaka lile neno la mwisho la simu. Alisikiliza kwa mara ya kwanza tangu nimjue, spana imetulia mkononi.

"Kwa hivyo huyu jamaa alikudanganya."

"Miaka kumi na mitano."

"Na wewe ulimwambia unaenda Malaba siku ngapi?"

"Mbili," nikasema.

"Mimi sijauliza kwa ubaya," akasema, akaanza tena kuimba. Kati ya mistari miwili ya pambio akaongeza, "Leo ni Alhamisi. Leta tangi ingine mapema kesho."

Ijumaa alfajiri nilikuwa Kirinyaga Road kabla maduka hayajafunguliwa. Muuzaji alinitolea tangi jipya kutoka kwenye katoni, jeusi, laini, bila hata alama ya kidole, lililoundwa nchi za mbali kwa ajili ya pikipiki ambayo sijawahi kuiona barabarani. Nilimuuliza kama litaingia kwenye yangu. Akajibu kama wauza vipuri wote wa barabara ile wanavyojibu.

"Hii inaingia nduthi zote."

Haikuingia. Chini ya tangi huwa kuna mfereji unaokaa juu ya mgongo wa fremu, kama tandiko juu ya punda, na mfereji wa tangi jipya ulikuwa mwembamba kuliko mgongo wa pikipiki yetu. Masikio ya mbele, vile vyuma vya kulishikilia tangi, hayakufikia raba zake. Mdomo wa chini wa kutolea petroli, ambao kwa lile la zamani ulikuwa kushoto, kwa hili ulikuwa kulia, na ulikuwa unagusa injini. Niliona siku inaniponyoka. Nikamwambia fundi achukue nyundo, apanue mfereji.

"Hatupigi mtoto mgeni," akasema. "Nyumba ndiyo inapanga nafasi."

Hakuligusa tangi kwa nyundo hata mara moja. Alikata katoni ile ile lililokuja nalo, akapima umbo la mfereji kwa karatasi, akajaribu, akapunguza, akajaribu tena. Alikata vipande vya raba ya tairi la lori akaliinua tangi vidole viwili juu ya fremu, mdomo ukaachana na injini. Kisha akachomelea masikio mapya kwenye fremu, tangi lenyewe likiwa mbali, nje, kivulini, kwa sababu hakuna fundi mwenye akili anayewasha moto karibu na petroli. Mpira wa kupeleka petroli kwenye kabureta ilibidi uzunguke kutoka kulia, na aliukata mara tatu. Alinionyesha kwa kidole kwa nini. Ukipanda kidogo tu mahali popote, hewa inakaa pale, na pikipiki inazima ukiwa katikati ya barabara. Lazima uteremke mwanzo mpaka mwisho.

Jambo lililoniuma lilikuwa kiti. Tangi jipya lilikuwa refu, kwa hiyo kiti kilisogezwa nyuma kiasi cha kiganja, na sponji ya mbele ikakatwa. Katika sponji ile kulikuwa na bonde langu, la miaka yote, la Malaba na Nakuru na kila mahali nilipokimbilia. Fundi alilitupa kwenye takataka. Nilikaribia kuliokota.

Saa tisa alimimina petroli, akafunga gazeti chini ya tangi, akaagiza chai. Tulikunywa vikombe viwili kila mmoja bila haraka. Kisha akafungua gazeti akalinusa, akalipitisha usoni kama anasoma habari.

"Kavu. Hakuna habari." Akacheka, akanyoosha mkono kwenye mfuko wa koti langu, akatoa kile kipande cha sabuni akanipa. "Hii sasa nenda ukaoge."

Jumamosi nilifika Kibera nusu saa kabla ya wakati. Hilo peke yake lilimshangaza jirani yake aliyekuwa anaanika nguo. Rafiki yangu anaishi siku hizi upande wa Nyayo Highrise, na alikuwa ameketi nje ya mlango uliofungwa, na begi moja, na mkebe wa rangi uliojaa brashi. Amekuwa mzee, nywele zimepungua. Nilizima injini. Alilitazama lile tangi jeusi, kisha akatazama nyuma kwenye keria, ambapo nilikuwa nimelifunga la zamani kwa mipira, ubavu wake ukiangalia juu.

"Uliiosha," akasema.

"Niliiosha."

"Na mtu akakwangua."

"Akakwangua."

Alisimama, akaja, akaweka kiganja ndani ya lile bonde. Kiganja kiliingia chote.

"Nguzo ya stima," akasema. "Hapo tu, mbele ya reli. Nilikuwa nimebeba msichana wa kanisa letu. Nilikuwa nimemwambia pikipiki ni yangu."

"Akafanya nini?"

"Aliamka, akapangusa sketi, akaenda zake. Hata kanisani sikumwona tena."

Nilijaribu kubaki na hasira. Nilikuwa nimeiandaa njiani, nikaikuta haiko. Nilicheka, naye akacheka, akishika goti lile lile. Kisha akaacha kucheka.

"Nilikuwa nikuambie, omera. Haki. Nilichora ili ukifika usishtuke, halafu nikueleze. Lakini wewe uliona samaki ukalia. Mtu akishalia, utamwambiaje?"

Nilimwambia tu kwamba basi halitungoji.

"Na ile siku mbili ya Malaba," akasema huku akipanda, "hiyo tutaongea siku ingine."

Begi na mkebe tulivifunga kwenye keria, na tangi la zamani likakosa nafasi. Alilipakata. Tulitoka Kibera hivyo, lile tangi katikati yetu, kichwa cha samaki kikinichoma mgongoni kila nilipokanyaga breki. Alinielekeza nipite polepole kwa ukuta wa kinyozi mmoja. Kile kichwa bado kipo, kimefifia, na sikio langu bado linaonekana. Kisha tukashika barabara, Satellite, mpaka Kawangware mabasi ya magharibi yanapopakia.

Kijana wa kupakia mizigo alipanda juu ya basi, akapokea begi, akapokea mkebe, akasita.

"Mzee, na hiyo ni nini?"

"Samaki."

Kijana aligeuza tangi akaona kichwa na mkia. "Unatoa samaki Nairobi unapeleka ziwani? Huko zimeisha?"

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja akauliza kama amekaangwa. Rafiki yangu aliwaacha wamalize, akamwambia kijana amlaze vizuri, tumbo juu.

Kabla ya kupanda alirudi kwenye pikipiki. Alipitisha mkono kwenye tangi jipya, kutoka mbele mpaka kwenye kiti, mara mbili, jinsi nilivyomwona akipitisha mkono kwenye kuta kabla ya kuzipaka rangi. Nilidhani atalia, au mimi nitalia. Nilimwambia kwamba linahitaji kitu, liko tupu mno, na siku nikipita ziwani anichoree.

"Nichore nini hapa?" akasema. "Haina hata kosa moja."

Akapanda ngazi. Basi likaanza kunguruma, naye akafungua dirisha akatoa kichwa.

"Siku ukiigonga, nipigie."

Nilirudi kwangu nikiwa nimekaa kiganja kizima nyuma ya mahali nilipozoea. Tangi liling'aa jua likilipiga, halidondoshi, halinuki. Njia nzima nilikuwa nikiziangalia nguzo za stima, moja baada ya nyingine, na sikuziogopa.